Fundi Picha Anajibu: Mtu Aliyefukia Negativu Zake

Mbukwenyi wasomaji.

Toleo lililopita niliandika aya tatu tu juu ya Henryk Ross, Myahudi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1910, mpiga picha wa magazeti kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Nilisema Wajerumani walimfungia katika geto (mtaa waliofungiwa Wayahudi) la Łódź huko Poland (jina hilo hutamkwa karibu na "wuch"), akaajiriwa humo kupiga picha za vitambulisho, akawa anapiga kwa siri na zile alizokatazwa, na mwaka 1944 akazifukia ardhini negativu zake, yaani filamu zilizokwisha kupigwa. Nikadhani yamekwisha. Tangu hapo barua hazijakatika. Nyingine zimeletwa kwa mkono hapa studio na watu ambao mimi mwenyewe niliwapiga picha zao za kumaliza darasa la saba. Mhariri amenipa nafasi yote ya leo, kwa hiyo maswali ya kamera na betri yatasubiri.

*

*Shikamoo Fundi. Mimi napiga picha za harusi na mahafali hapa Majengo. Nimesoma habari ya Ross nikaguna. Umesema mwenyewe aliajiriwa na ofisi ya takwimu ya baraza la geto, na baraza lenyewe lilikuwa likitii amri za Wajerumani. Basi alikuwa akila mkate wa wauaji. Mbona unamsifu?*
*Kijana wa Majengo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo nililikwepa toleo lililopita, na sikufanya vizuri kulikwepa.

Tuanze na kazi yenyewe. Wajerumani waliingia Łódź Septemba 1939, wakaubadilisha mji jina wakauita Litzmannstadt. Kufikia mwisho wa Aprili 1940 walikuwa wamewasukuma Wayahudi wapatao 160,000 katika mtaa duni wa kaskazini ya mji, wakauzungushia uzio, wakafunga. Ndani wakaweka baraza la Wayahudi, kiongozi wake mzee mmoja aitwaye Chaim Rumkowski. Rumkowski aliamini kwamba Wayahudi wakifanya kazi, Wajerumani watawahitaji, na wakiwahitaji hawatawaua. Geto likageuzwa karakana. Watu walishona sare za jeshi la Ujerumani, wakatengeneza viatu na magodoro, mishahara yao supu na kipande cha mkate.

Ofisi ya takwimu ilihitaji wapiga picha wa kazi mbili. Ya kwanza, picha za karakana, kuwaonyesha Wajerumani kwamba watu hawa wana faida. Ya pili, picha za vitambulisho. Bila kitambulisho hakuna kazi, na bila kazi hakuna supu. Ross aliajiriwa, na mwenzake Mendel Grossman pia.

Hapa niseme kama mtu wa kazi hii. Nimepiga picha za vitambulisho miaka zaidi ya 45: za kadi, za mikopo, za hija, za mtoto anayekwenda kuanza shule bweni. Unamkalisha mtu, unamwambia inua kidevu, unapiga, anayefuata. Ross hakuwapiga mmoja mmoja. Alitengeneza jukwaa la ngazi, akawapanga watu wa chini, wa kati na wa juu, akawapiga wote kwa mkupuo mmoja, halafu wakati wa kusafisha akazitoa sura moja moja. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Filamu alikuwa akipewa kwa hesabu. Lakini aliyehesabu alihesabu mikanda, hakuhesabu nyuso kwenye kila picha. Kila mahali alipowaweka watu kumi badala ya mmoja, nafasi tisa zilibaki kuwa zake.

Na hizo nafasi alizitumia. Kupiga picha kwa matakwa yako mwenyewe kulikuwa marufuku, na adhabu yake ilikuwa kifo. Alificha kamera ndani ya koti, akalifungua kidogo, akapiga, akalifunga. Wewe uliyezoea kuangalia kioo cha nyuma kabla na baada, jaribu siku moja: weka kamera kifuani, usichungulie, pima umbali kwa hatua zako, piga mtu anayetembea. Utaona ni mangapi unayakosa. Yeye aliyapata.

Alimpata mtu aliyetoka na gombo la Torati kwenye kifusi cha sinagogi la mtaa wa Wolborska. Alipata watu, wanawake kwa wanaume, wamefungwa kama punda kwenye mkokoteni wa pipa la kinyesi, wakiuvuta. Alimpata mtoto wa kiume ameinama anachimbua udongo akitafuta kitu cha kula. Na Septemba 1942 Wajerumani walipodai watoto wote wa chini ya miaka kumi, wazee wa zaidi ya 65 na wagonjwa, Rumkowski akasimama mbele ya umma akawaomba wazazi wawatoe watoto wao, Ross alikuwepo. Zaidi ya watu 15,000 walichukuliwa ndani ya wiki moja hivi, wakapelekwa Chełmno, mahali ambapo watu waliuawa kwa moshi wa gesi ndani ya malori yaliyofungwa. Ipo picha ya watoto walioshikiliwa kwenye gereza la geto kabla ya safari hiyo. Wamesogea kwenye uzio, wanazungumza na ndugu waliobaki upande wa pili. Sijui mzazi anamwambia nini mtoto pale. Nimeiangalia mara nyingi, na bado sijui ningesema nini.

Halafu Agosti 1944 geto lote likaanza kumalizwa, watu wakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Watu aliofahamiana nao waliokuwa wakifanya kazi kwenye kituo cha treni cha Radegast walimwingiza Ross kwenye stoo ya saruji, wakamfungia. Akakaa humo tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni, akipiga picha kupitia tundu la ubao. Aliona watu wakipigwa na kusukumwa mabehewani. Studio yangu haiko mbali na stesheni yetu ya hapa, na kwa miaka yote hii sauti ya mabehewa yakiungana ndiyo iliyonieleza saa. Baada ya kusoma habari ya stoo ile, ilinichukua muda kuizoea tena.

Sasa mkate. Ndiyo, alikula mkate wa baraza, na baraza lilipewa na Wajerumani. Aliyevuta pipa la kinyesi alikula mkate huo huo. Fundi cherehani aliula, na mwanawe aliyekufa kwa njaa aliula kabla hajafa. Mkate mwingine haukuwapo ndani ya uzio. Ukitaka kumhukumu Ross, usiulize alikula wapi. Uliza alifanya nini na filamu aliyopewa.

Na nikuambie jambo moja langu, kwa kuwa umeuliza bila kuficha nami nisifiche. Mwaka mmoja wa njaa katikati ya miaka ya sabini, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kwa fundi aliyenifunza, ofisi moja ilinikodi niende kijijini kupiga picha za ugawaji wa mahindi. Niliambiwa wazi: piga foleni ikiwa imenyooka, piga magunia, piga wazee wakishukuru. Nilipiga. Gunia moja lilikuwa limechanika, na baada ya lori kuondoka nikamwona mama mmoja amechuchumaa kwenye vumbi, mtoto mgongoni, anaokota punje moja moja na kuzipuliza kabla ya kuzitia kwenye upindo wa khanga. Nilikuwa na nafasi nne zimebaki kwenye filamu. Niliinua kamera, nikaishusha. Hakuna mtu ambaye angeniua, mwanangu. Ningekemewa, pengine ningenyimwa malipo ya siku ile. Nilimaliza zile nafasi nne kwa kumpiga dereva na lori lake.

Sifananishi njaa yetu ile na geto. Kule watu walishindishwa njaa kwa makusudi, ili wafe. Nakueleza tu kwa nini mimi si mtu wa kumnyooshea Ross kidole.

*

*Babu, mimi niko kidato cha nne. Kwetu geto ni chumba cha kupanga cha kijana ambaye hajaoa. Hilo la Łódź lilikuwaje? Na watu 160,000 walishindwaje kutoroka?*
*Mwanafunzi, Nkuhungu*

Neno ni lile lile, mjukuu wangu, limesafiri tu. Mwaka 1516 watawala wa Venice, Italia, waliwalazimisha Wayahudi wa mji ule kukaa sehemu moja iliyofungwa usiku, na mahali hapo paliitwa Ghetto. Kutoka pale likaenea Ulaya, likavuka Marekani, likaja na muziki mpaka kwenye chumba chako chenye godoro na jiko la gesi. Wewe ufunguo wa geto lako unakaa nao mfukoni.

Kuhusu kutoroka: Łódź haikutekwa tu, iliingizwa ndani ya Ujerumani yenyewe, na Wajerumani wengi wakaletwa kuishi humo. Polisi walisimama kwenye uzio wakiwa na ruhusa ya kumpiga risasi anayesogea. Pesa za kawaida zilichukuliwa, zikachapishwa pesa za geto ambazo nje zilikuwa karatasi tu. Kila Myahudi alishonewa nyota ya njano, kifuani na mgongoni, kwa hiyo aonekane akija na aonekane akienda. Redio zilikatazwa. Sasa toka: unatoka bila pesa, umekonda, una nyota mgongoni, kwenye mji ambao jirani anaweza kukutaja. Na nyumbani umemwacha mama mgonjwa na wadogo zako wawili. Wengi hawakutoka kwa sababu ya hao wadogo wawili.

Zaidi ya watu 40,000 walikufa humo humo ndani kwa njaa na maradhi, kabla hata ya kuhesabu waliopelekwa kuuawa. Watu walilima kila kipande cha udongo, hata uani, wapate kabichi au viazi. Ross alipiga picha ya sanamu la kufukuzia ndege kwenye bustani mojawapo. Nyinyi mliokulia mjini huenda hamjaamia ndege kwenye uwele, lakini bibi yako anajua: unasimamisha mti, unauvika koti bovu. Sanamu lile la geto limevikwa koti bovu, na kwenye koti kuna nyota. Nadhani picha ile inakujibu kuliko mimi.

*

*Fundi, nakusalimu. Bibi yetu, Mrangi wa hapa Kondoa, alikuwa akitusimulia kwamba wakati wa vita ya Hitler walikuja Wapolandi, wanawake na watoto, wakaishi hapa kambini. Je, ndio hao Wayahudi waliotoroka geto?*
*Msomaji, Kondoa*

Bibi yenu hakukosea hata kidogo, na nimefurahi sana kwa barua hii, maana watu wengi wanajua Tengeru kule Arusha tu. Kambi za wakimbizi wa Kipolandi Tanganyika zilikuwa kadhaa: Tengeru ndiyo kubwa, na nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda, Morogoro na Kondoa.

Lakini hao walitokea upande mwingine wa msiba. Septemba 1939 Poland ilikatwa vipande viwili. Ujerumani iliingia kutoka magharibi tarehe 1, Wasovieti kutoka mashariki tarehe 17. Łódź ilianguka upande wa Wajerumani. Walioangukia upande wa pili, Wasovieti waliwakamata kwa mamia ya maelfu, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipowageuka Wasovieti mwaka 1941, wafungwa hao wakaruhusiwa kuondoka, wakapita Iran, na kuanzia 1942 baadhi yao wakafika Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, wanawake, watoto na wazee, kwa sababu vijana wa kiume walikwenda jeshini. Kwa hiyo mtoto wa Kipolandi aliyekuwa akichota maji Kondoa, na mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa kwenye uzio wa gereza la Łódź, walizaliwa nchi moja, na kilichowatenganisha ni mahali mstari ulipopita na kabila aliloandikiwa.

Ombi: kama kuna yeyote Kondoa aliye na picha ya kambi ile, hata iliyofifia, naomba aniletee nimnakilishie. Sitatoza kitu.

*

*Mheshimiwa Fundi, mwanangu alinionyesha kwenye simu picha nyingine za huyu Ross. Kuna harusi, kuna mama anambusu mtoto mnono, kuna watu mezani wanacheka. Mimi ni mwalimu mstaafu, na naogopa: mtu mwenye nia mbaya akiziona hizo atasema hapakuwa na njaa. Si afadhali zingebaki ardhini?*
*Mwalimu, Mpwapwa*

Mwalimu, shikamoo. Hofu yako ilikuwa hofu ya wengi. Alipokuwa hai, picha za Ross zilizojulikana zilikuwa zile za njaa na za mabehewa. Alifariki mwaka 1991 huko Israeli, na hizi unazosema zilikuja kujulikana na wengi baadaye.

Waliocheka mezani, baadhi yao walikuwa watu wa baraza, polisi wa Kiyahudi wa geto na familia zao, waliopata chakula kuliko wengine. Ipo picha ya mtoto amevalishwa sare ya polisi wa geto, amemkamata mtoto mwenzake, wanacheza. Inauma kuitazama. Hata ndani ya uzio kulikuwa na wenye afadhali na wasio na kitu, na Ross hakuficha hilo, ingawa baadhi ya wenye afadhali walikuwa watu wa ofisi yake mwenyewe.

Lakini si wote waliokuwa wakubwa. Ross mwenyewe alimwoa mkewe Stefania humo humo ndani, mwaka 1941. Watu walioana, wakazaa, wakataka picha. Mwaka ule ule wa njaa niliousimulia juu, hapa Dodoma studio ya fundi wangu haikufungwa hata siku moja. Tulikuwa na koti moja jeusi na tai moja vya kuazimisha, vimetundikwa msumarini, na watu waliingia na miguu imejaa vumbi, wakavaa koti, wakasimama mbele ya pazia lenye mnazi na bahari, wakatazama lenzi kama watu walioshiba. Ukizitazama picha hizo leo utasema 1974 ulikuwa mwaka mzuri. Mtu akijua kuna picha hujikusanya. Hicho alichokikusanya nacho ni cha kweli.

Kwa hiyo hapana, Mwalimu, zisingebaki ardhini. Yule mtoto mnono anayebusiwa, watu wa rika lake geto zima walidaiwa Septemba 1942. Bila picha ya busu lile tungemjua kama namba kwenye orodha ya usafiri tu. Mwenye nia mbaya atasema atakalosema hata ukimwonyesha kaburi; sijawahi kuona aliyenyamazishwa kwa kufichwa picha.

Umeuliza pia kwenye ukurasa wa nyuma wa barua yako habari za yule mwenzake, Grossman. Huyo aliweka negativu zake kwenye makopo ya bati, akayaficha chini ya ubao wa dirisha la chumba chake. Zilikuwa maelfu. Yeye alikufa mwaka 1945, siku za mwisho wa vita, akiswagwa pamoja na wafungwa wenzake. Makopo yalipatikana, yakapelekwa kwenye kijiji kimoja cha Kiyahudi Palestina, na kwenye vita ya 1948 nyingi zikapotea. Zimebaki picha alizokuwa ameshazisafisha kwenye karatasi na kuwagawia watu. Nimeliwaza hili mara nyingi nikiwa chumba cha giza: ya Ross iliyofukiwa kwenye maji na matope ikapona nusu, ya Grossman iliyokaa pakavu ikapotea mikononi mwa watu waliokuwa wakiitunza.

*

*Kaka, hujambo. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha hapa Kongwa tangu 1968. Ameacha sanduku la bati limejaa negativu, nyingine zimeshikana, nyingine zina harufu kali. Vijana wangu wanataka kuzichoma, wanasema ni uchafu. Nilivyosoma habari ya huyo bwana aliyezika zake nikasita. Nifanye nini? Na zake zilipona vipi?*
*Mjane, Kongwa*

Sijambo dada, na pole kwa msiba. Waambie vijana waache kiberiti kwanza.

Nianze na za Ross, kwa kuwa zitakupa moyo. Vuli ya 1944, geto likiwa karibu tupu, alitia negativu zake kwenye vyombo, akavipanga kwenye sanduku lililopakwa lami ndani, akalifukia uani. Zilikuwa kama 6,000. Yeye alibakizwa na kikundi kidogo cha Wayahudi walioachwa kusafisha mitaa iliyoachwa, wakikusanya vitu vya waliokwisha pelekwa. Alipiga picha za vyombo vya supu, ndoo na bakuli, vimetupwa vimerundikana, wenyewe hawapo. Jeshi la Wasovieti liliingia tarehe 19 Januari 1945 na kuwakuta Wayahudi 877 tu. Machi akarudi na wenzake wakafukua. Ipo picha yake ya siku hiyo, watu wameinama juu ya shimo, sanduku linatoka.

Maji yalikuwa yameingia. Karibu nusu ziliharibika kabisa. Nyingi kati ya zilizopona zina mabaka pembeni, kama moto uliotambaa ukazimika njiani, na zimeachwa hivyo hivyo. Mwaka 1961, Adolf Eichmann, aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, aliposhtakiwa Jerusalem, Ross alisimama kizimbani kama shahidi na picha zake zikapokelewa kuwa ushahidi. Mabaka hayakuzuia mahakama kuziona. Leo negativu hizo, kama 3,000, zinatunzwa kwenye jumba kubwa la sanaa la Ontario mjini Toronto, Kanada.

Sasa zako. Harufu kali kama ya siki ni filamu inayooza yenyewe, na uozo huo huambukiza. Leo leo tenga zenye harufu na zisizo na harufu, vyumba viwili tofauti. Zenye harufu ndizo za kunakiliwa kwanza, kwa sababu hazirudi nyuma. Zilizoshikana usizivute na usiziloweke, hata mtu akikuambia maji ya uvuguvugu yanasaidia. Ziache, nitaziona mwenyewe.

Ondoa kwenye sanduku la bati. Jua la Kongwa kwenye bati unalijua, mchana ndani yake ni tanuri. Usiziweke sakafuni pia, mchwa hawaulizi hii ni filamu au ni ubao. Zitafutie chumba cha ndani, kisichopigwa na jua, mezani, na miguu ya meza itie kwenye makopo yenye mafuta machafu. Mkono uoshwe ukauke, shika pembeni tu. Vumbi pulizia kwa kile kipira cha kusafishia masikio, usifute kwa kanga, maana vumbi letu ni mchanga na litachora nyuso. Bahasha za karatasi ni bora kuliko mifuko ya nailoni. Andika kwa penseli kabla hujatia negativu ndani.

Kama unataka kuona kilichomo kabla hujafika kwangu, mwambie kijana wako mmoja aweke simu yenye kioo cheupe kinachowaka mezani, juu yake alaze negativu, apige kwa simu ya pili, halafu ageuze rangi kwenye programu ya picha. Siyo nakala ya kutunza, lakini sura utaziona. Fanya hivyo ukiwa umekaa na wazee. Kila sura watakayoitambua, andika jina, kijiji, mtoto wa nani. Bibi yangu alituhadithia Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya kuanzia 1917, akitaja jirani baada ya jirani, nani aliishia njiani, nani alibadilishwa kwa debe la nafaka. Nilikuwa na miaka minane. Nimebaki na majina mawili.

Na jambo la mwisho. Umeandika kwamba ndani ya sanduku kuna boksi la kiatu ambalo marehemu aliliandika "hazifai". Usiliache nyumbani. Kila fundi ana boksi hilo. Humo ndimo mtu hutupa picha ambazo mteja alizikataa, au ofisi haikuzilipia, au yeye mwenyewe alizipiga akaogopa kuzisafisha. Miaka ile aliyokuwa akifanya kazi mume wako ndiyo miaka niliyokuwa nikizunguka vijiji hivyo hivyo na kamera ya kukodiwa, na inawezekana tulisimama kwenye foleni moja ya mahindi bila kujuana.

Njoo Jumanne, basi la asubuhi litakufikisha kabla ya saa nne. Ukishuka uliza studio ya mzee karibu na stesheni. Nitakuwa nimewasha meza ya taa, na boksi hilo tutalifungua la kwanza.